Wenye Vilabu wa Mji wa Rye

Katika mji mdogo wa Rye, ulioko kusini mwa Uingereza karibu na pwani inayoelekea Ufaransa, liko jumba la baraza la mji lililojengwa katika miaka ya 1740. Ndani ya jumba hilo, mahali ambapo mgeni angetazamia kuona viti vya madiwani na orodha ya mameya tu, kimewekwa kizimba cha chuma kilichofuliwa kwa kipimo cha mwili wa mtu, na ndani yake limebaki fuvu la kichwa. Fuvu hilo ni la John Breads. Mtu huyu alikuwa mchinjaji, na tena alikuwa mwenye kilabu cha pombe kilichoitwa Flushing Inn. Alinyongwa mwaka 1743 kwa kumwua mtu ambaye hakukusudia kumwua, na hakimu aliyemhukumu ndiye yule aliyekusudiwa.

Kisa hiki hakiwezi kufahamika vizuri bila kuujua mji wenyewe, wala bila kujua mwenye kilabu alikuwa mtu wa namna gani katika siku zile.

Mji wa Rye umejengwa juu ya kilima. Leo bahari iko mbali nao kadiri ya maili mbili, lakini zamani maji ya chumvi yalikizunguka kilima hicho karibu pande zote, na merikebu zilitia nanga chini ya nyumba za watu. Mwaka 1287 ilikuja dhoruba kubwa ambayo iliuangamiza mji jirani wa Winchelsea ya kale na kuugeuza mto Rother, hata ukaja kumwaga maji yake chini ya Rye. Mji huu ulikuwa katika umoja wa miji ya pwani ulioitwa Bandari Tano. Umoja huo uliahidi kumpa mfalme merikebu 57 kwa muda wa siku 15 kila mwaka, na kwa malipo ya kazi hiyo wafalme waliipa miji yake haki nyingi ambazo miji mingine haikuwa nazo. Mojawapo ilikuwa haki ya kuwa na mahakama yake yenyewe, ambamo meya wa mji alikaa kama hakimu na aliweza kutoa hata hukumu ya kifo. Msomaji na aishike habari hiyo moyoni, kwa maana ndiyo iliyoleta ajabu ya mwaka 1743.

Sasa tuvitazame vilabu. Nyumba ya pombe ya Waingereza, ambayo wenyewe huiita pabu, si mahali pa kunywea tu. Katika miji ya pwani mgeni alipata humo kitanda, farasi wake alipata nyasi, na baharia alipata habari za merikebu zinazotafuta watu wa kazi. Minada ilifanyiwa humo. Hata uchunguzi wa vifo vya ghafula ulifanyiwa humo mara nyingi, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine kikubwa kijijini. Kwa hiyo mwenye kilabu alijua mambo mengi kuliko kasisi, na watu wa kila namna walitaka urafiki wake.

Lakini hakuwa huru. Tangu mwaka 1552, katika utawala wa mfalme Edward wa Sita, sheria ilikataza mtu yeyote kuweka nyumba ya pombe bila kibali cha mahakimu wawili wa mahali pake, na ilimpasa kuleta wadhamini kwamba atalinda utulivu wa nyumba yake. Wasomaji waliopata kuomba leseni ya pombe katika wilaya zao wataitambua desturi hiyo, maana serikali ya kikoloni iliichukua Uingereza na kuileta Kenya. Hivyo mwenye kilabu aliishi akiwatazama watu wa namna mbili: mahakimu walioweza kumnyima leseni, na wateja walioweza kumnyima fedha, au kumfanyia jambo baya kuliko hilo.

Kilabu kikubwa cha Rye kilikuwa Mermaid, yaani Nguva, kilichoko katika mtaa wenye jina hilohilo, mtaa wa mawe ya mviringo unaopanda kutoka mahali palipokuwa bandari. Husemwa kwamba maghala yake ya chini ya ardhi yalijengwa katika karne ya 12. Mwaka 1377 Wafaransa walivuka bahari na kuuteketeza mji, nayo nyumba iliyosimama leo ni ile iliyojengwa upya baadaye, yapata mwaka 1420, pamoja na nyongeza za karne ya 16. Boriti zake ni za mti wa mwaloni. Malkia Elizabeth wa Kwanza aliuzuru mji huu mwaka 1573, wakati ambapo bandari ilikuwa bado na nguvu.

Nguvu hiyo ilipungua kidogo kidogo, na sababu yake itawapendeza wakulima. Wenye mashamba ya mabwawa ya Romney, yaliyo upande wa mashariki, walijenga matuta ili kuyazuia maji ya bahari na kupata malisho. Kila walipopata ekari mpya, maji ya kujaa na kupwa yaliyokuwa yakiisafisha bandari yalipungua, na matope yakatulia chini. Basi mkulima alipata faida, naye baharia akapata hasara. Katika malisho hayo walilishwa kondoo wa aina ya Romney Marsh, ambao wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanawajua vizuri, kwa maana waliletwa huku katika siku za masetla. Na kondoo hao ndio waliowafundisha watu wa pwani ile kazi ya magendo.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imekataza sufu isiuzwe nchi za nje, ili wafumaji wa nyumbani waipate kwa bei rahisi. Katazo hilo lilidumu hata mwaka 1824. Lakini Wafaransa walilipa vizuri, nao hawakuwa mbali. Basi sufu ilipakiwa usiku. Mashua zilizokwenda na sufu hazikupenda kurudi tupu. Zilirudi na brandi, tumbaku, vitambaa vya kutariza, na zaidi ya vyote chai.

Ndiyo, chai. Msomaji wa Kericho au Murang'a huenda akacheka akisikia kwamba watu waliwahi kuuana kwa ajili ya majani ya chai, lakini katika karne ya 18 ushuru wa chai ulikuwa mzito mno, hata kuna miaka ambayo ulizidi bei ya chai yenyewe. Chai ya magendo ilinywewa na maskini na matajiri, wala hapakuwa na aibu kubwa katika kuinunua. Kibarua wa shamba aliyekubali kubeba mizigo kutoka ufukoni aliweza kupata kwa usiku mmoja fedha iliyofika au kupita mshahara wake wa juma zima. Tusishangae basi kwamba vijiji vizima vilifumba macho.

Katika miaka ya 1730 na 1740 magendo ya pwani hiyo yalikuwa mikononi mwa kundi lililoitwa kwa jina la kijiji cha Hawkhurst, kilichoko bara kiasi cha maili 12 kutoka Rye. Walikuwa watu wa farasi na silaha, na walipofika Rye walikaa Mermaid. Inasimuliwa kwamba walikunywa humo na kuvuta viko vyao huku bastola zilizojazwa risasi zimelala mezani mbele yao, wala hakimu hakuthubutu kuwaondoa. Mwenye kilabu angefanya nini? Kama angekwenda kushitaki, asingekuwa na wa kumlinda, kwa kuwa Uingereza ya wakati huo haikuwa na polisi. Walikuwako maofisa wachache wa forodha, na askari wa farasi waliotumwa mara kwa mara. Kama angenyamaza, alikuwa mshiriki wa maovu. Wengi walinyamaza, tena wakanunua brandi yao. Mimi siwezi kuwahesabu wote kuwa waoga. Mtu asiye na ulinzi wa serikali humwogopa aliye karibu naye.

Flushing Inn kilikuwa kilabu kidogo kuliko Mermaid, karibu na kanisa la Mtakatifu Maria, juu kileleni. Mwenyewe, John Breads, aliuza nyama na pombe pamoja. Meya wa mji alikuwa James Lamb, mtu wa ukoo mkubwa uliokishika kiti cha umeya mara nyingi, ukipokezana na jamaa zake wa ukoo wa Grebell. Nyumba yake, Lamb House, ilikuwa nyumba ya heshima kuliko zote. Januari 1726 mfalme George wa Kwanza, akirudi kutoka Hannover, alisukumwa na dhoruba mpaka mchanga wa Camber ulio karibu na Rye. Hakupelekwa kulala katika kilabu chochote, bali alipelekwa kwa Lamb, akapewa chumba cha kulala cha mwenye nyumba. Usiku ule ule mke wa Lamb alijifungua mtoto wa kiume, naye mfalme akawa mdhamini wake wa ubatizo, na mtoto akaitwa George.

Mtu kama huyo, aliyempa mfalme kitanda chake, na mchinjaji wa mtaa wa juu hawakuwa watu wa kulingana. Lamb akiwa hakimu alimtoza Breads faini kwa kuuza nyama kwa mizani ya kupunja. Faini yenyewe haikuwa jambo la kumfilisi mtu, lakini katika mji ambao kila mtu anamjua mwenziwe, mwuzaji aliyetangazwa mahakamani kuwa mizani yake ni ya uongo hupoteza zaidi ya fedha. Na hakimu wa mizani ndiye pia hakimu wa leseni. Breads akaiweka chuki moyoni.

Tarehe 17 Machi 1743 Lamb alialikwa kula chakula cha usiku merikebuni. Hakujisikia vizuri, akamwomba shemeji yake, Allen Grebell, ambaye naye alikuwa amewahi kuwa meya, aende badala yake. Masimulizi ya mji husema kwamba, kwa kuwa usiku ulikuwa wa baridi, alimwazima na joho lake jekundu. Grebell alikwenda, akala na kunywa, na usiku wa manane akarudi kwa njia ya uwanja wa makaburi wa kanisa. Breads alikuwa amejificha humo na kisu chake cha kazi. Aliliona joho la meya, akachoma mara mbili, akakimbia.

Grebell hakujua kwamba ameumizwa vibaya. Alidhani amegongwa na mlevi. Alifika nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akamwambia mtumishi wake aende kulala, akakaa kitini mbele ya moto. Humo damu yake ilimwishia taratibu. Watu husimulia tena kwamba Lamb, akiwa kitandani, alimwota mara tatu mkewe aliyekwisha kufa, ambaye alikuwa dada yake Grebell, akimsihi aende kumtazama ndugu yake. Na kwamba alipokwenda alfajiri alimkuta amekufa kitini. Mambo ya ndoto mimi namwachia msomaji.

Mwuaji hakutafutwa kwa muda mrefu. Kisu kilionekana makaburini, nacho kilikuwa na jina lake katika mpini. Yeye mwenyewe alikuwa akizunguka mitaani amelewa, akipiga kelele kwamba kazi ya mchinjaji ni kuchinja wana-kondoo. Kwa Kiingereza neno Lamb maana yake ni mwana-kondoo, na kila aliyesikia alifahamu aliyekusudiwa ni nani.

Na hapa ndipo haki ile ya kale ya Bandari Tano ilipoonyesha ubaya wake. Mahali pengine Uingereza mtu aliyeshitakiwa kwa kuua alipelekwa mbele ya majaji wa mfalme, waliozunguka nchi na ambao hawakuwa na udugu na mtu yeyote wa mji. Rye ulikuwa na mahakama yake, na hakimu wa mahakama hiyo alikuwa meya, na meya alikuwa James Lamb. Basi Lamb alikaa katika kiti cha hukumu kumhukumu mtu aliyetaka kumwua yeye, kwa kifo cha shemeji yake, na juu ya hayo akatoa ushahidi yeye mwenyewe. Breads hakuficha neno. Alimwambia mbele ya watu kwamba hakumkusudia Bwana Grebell, bali yeye meya, na kwamba kama angeweza angemwua palepale.

Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba Breads hakuwa na hatia. Kinywa chake mwenyewe kilimhukumu. Lakini kanuni ya kwamba mtu asiwe hakimu katika shauri lake mwenyewe ilijulikana kwa wanasheria wa Uingereza muda mrefu kabla ya siku hiyo, wala haikuwekwa kwa ajili ya watu wema tu. Kama ingetokea kwamba mshitakiwa si mwuaji, na kwamba kisu kiliibwa, nani katika chumba kile angethubutu kumwambia meya kwamba amekosea? Lamb angeweza kumwachia mwingine kiti hicho. Hakumwachia. Katika habari zake zote, jambo hili ndilo ninaloliona kuwa baya.

Breads alinyongwa mwezi wa Juni 1743. Maiti yake haikuzikwa, bali ilitiwa katika kile kizimba cha chuma na kutundikwa katika bwawa nje ya mji, mahali ambapo waingiao na watokao wangeiona, ikabaki humo miaka mingi. Husemwa kwamba mifupa yake iliibwa kidogo kidogo na wanawake wazee, ambao waliichemsha na kuinywa kama dawa ya baridi yabisi, na hiyo ndiyo sababu lililobaki ni fuvu tu. Allen Grebell alizikwa kanisani, na jiwe la kaburi lake halikusahau kutaja kwamba alichomwa kisu na mchinjaji mwenye kiu ya damu. Makarani wanaopenda tarehe wasione ajabu wakikuta mwaka 1742 katika maandishi ya kisa hiki. Uingereza ya siku zile ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, na desturi hiyo haikubadilishwa mpaka 1752.

Watu wa Hawkhurst hawakuogopeshwa na kizimba. Aprili 1747 walikishambulia kijiji cha Goudhurst, lakini wanakijiji wenyewe, wakiongozwa na kijana aliyetoka jeshini, William Sturt, walijenga vizuizi, wakayeyusha risasi na kuwafukuza. Oktoba ya mwaka huohuo walivunja jumba la forodha la Poole na kuchukua karibu tani mbili za chai iliyokuwa imekamatwa. Kosa hilo lilizaa ovu kubwa zaidi, na ndani yake tunamkuta tena mwenye kilabu. Februari 1748 ofisa wa forodha, William Galley, alikuwa akimsindikiza shahidi wa shauri hilo, Daniel Chater. Wakapumzika katika kilabu cha White Hart huko Rowlands Castle. Mama mwenye kilabu, mjane aitwaye Elizabeth Payne, aliwashuku, akatuma watu kuwaita wafanya magendo. Wageni wale walileweshwa, wakafungwa juu ya farasi, wakapigwa njia nzima. Galley alizikwa, na Chater akatupwa kisimani na kupondwa kwa mawe. Ndipo nchi iliyokuwa imefumba macho ikayafumbua. Katika mahakama ya Chichester, Januari 1749, watu saba walihukumiwa kufa. Arthur Gray, mkubwa wa kundi, alikuwa amekwisha kunyongwa mwaka 1748, na Thomas Kingsmill aliyemfuata alinyongwa Aprili 1749.

Hata hivyo chai ya magendo iliendelea kuingia kwa mashua nyingine miaka 35 zaidi. Mwaka 1784 Waziri Mkuu William Pitt aliupunguza ushuru wa chai kutoka asilimia 119 mpaka asilimia 12 na nusu, na mara moja biashara ya usiku ya chai ikakosa faida. Wauzaji wa halali wakaweza kushindana, na watu wa pwani wakarudia brandi na tumbaku.

Mermaid haukupata faida katika mabadiliko hayo. Bandari ilizidi kujaa matope, wageni wakapungua, na nyumba ile ikaacha kuwa nyumba ya wageni kwa muda mrefu, watu wakaikalia kama nyumba nyingine yoyote. Aliyeifufua alikuwa mwanamke. Mwaka 1913 iliingia mikononi mwa May Aldington, mama yake mwandishi Richard Aldington, akaiendesha kama nyumba ya chama cha wanachama wake. Wakati huo Rye ulikuwa umekwisha kupendwa na waandishi. Henry James alikuwa akikaa katika Lamb House, nyumba ileile ya meya, tangu 1898. Katika Vita Kuu ya Pili maofisa wa jeshi la Kanada waliwekwa Mermaid. Baada ya vita ikawa hoteli, na wageni huja kulala humo kwa sababu ya wale wenye bastola ambao zamani mwenye kilabu alitamani waondoke. Wageni wengine huambiwa kwamba vyumba vina mizimu, na inaonekana habari hiyo haiwafukuzi.

Jengo la Flushing Inn nalo lingalipo, na kwa miaka mingi katika karne ya 20 lilikuwa mkahawa. Mwanzoni mwa karne hiyo, mbao za ukutani zilipobanduliwa, ilionekana nyuma yake picha kubwa ya rangi iliyochorwa juu ya chokaa katika karne ya 16, yenye wanyama na maua na maneno ya dini. Ilikuwa ukutani humo siku zote ambazo John Breads aliwapimia watu pombe na nyama.